Msiba wa Bwana Josho

Mimi ni mtani wa ukoo wa Gwatidzo, na sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa nikijisifu kidogo hakuna wa kunizuia. Babu yangu aliwazika babu zao, baba yangu akamzika baba yao, na wao wakatuzika sisi kwa zamu. Mtani kwetu si mtu wa kuchekesha tu. Msibani yeye ndiye mwenye amri. Anaonyesha pa kuchimba, anawakaripia wafiwa wakizidisha kilio, anavaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya jeneza, na hakuna ruhusa ya kununa. Ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Jina langu ni Mama Farisai, nina miaka sitini na mitatu, na mdomo wangu hauna breki.

Mzee Gwatidzo alifariki alfajiri ya Alhamisi, usingizini, moyo ukasimama tu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alisimamia josho la kata yetu, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, miaka arobaini, mpaka watu wakasahau jina lake wakawa wanamwita Bwana Josho. Na kwa misiba, mtu yule hakuwa na mpinzani. Ukifiwa, ulimkuta kesho yake amefika na koleo lake mwenyewe. Mume wangu alichimbiwa na yeye. Mama yangu pia.

Mkewe, Maidei, alinitumia mtu kabla jua halijapanda. Nilipofika nilimkuta ameketi mkekani, macho makavu, na mbele yake amesimama Sista Chenai, muuguzi wa zahanati yetu. Chenai ni binti mfupi asiyependa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa na maneno ya kutosha. Kipindupindu kilikuwa kimeingia ng'ambo ya mto, kwa wachimba dhahabu, wiki ya pili sasa. Kule walizika mtu mmoja, wakala, wakanawa, wakapeana pole, na wiki iliyofuata mji uleule ulizika watatu wengine. Mzee Gwatidzo hakufa kwa ugonjwa huo, hilo Chenai alilithibitisha mwenyewe, ila mkusanyiko ni mkusanyiko. Kwa hiyo aliweka mambo mawili mezani. Ama mzee azikwe leoleo na watu kumi, bila chakula. Ama watu waje, azikwe kesho mchana, lakini pasiwe na mkono kushikana na mkono, na lile bakuli la kunawia lisionekane. Akiona mkono mmoja tu umeshikwa, anawatawanya wote, na polisi watamsaidia.

Labda wewe unasoma unaona hayo ni madogo. Kwetu pole bila mkono si pole. Unaweza kutembea kutwa nzima, ukaleta mbuzi, ukalia mpaka sauti ikakauka, lakini usipomshika mfiwa mkono watasema hukufika. Na bakuli la kunawia linaanzia kwa mzee kabisa, linashuka mtu kwa mtu, maji yaleyale, mpaka mwisho linafika kwa vijana maji yamekuwa uji. Hiyo ndiyo heshima. Kumfungulia mzee maji kutoka kwenye ndoo ya bomba ni kama kumwambia ana mikono michafu.

 Chenai alipomaliza, Maidei alinigeukia mimi, hakumgeukia muuguzi.

"Mtani, huyu mtu amechimbia makaburi kata nzima. Siwezi kumzika na watu kumi kama mwizi," alisema. "Na sitaki hata mmoja amfuate kwa sababu alikuja kunipa pole. Yote mawili nayataka. Utajua mwenyewe utafanyaje."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni dogo. Sijui nani alinituma kusema vile.

Nilikwenda kusimama langoni kistaarabu, mikono nimeifumbata, nguo yangu ya kanisani mwilini. Wakaja wanawake wanne wa kanisa. Niliwaeleza taratibu, tena kwa sauti ya upole ambayo sina kawaida nayo, kwamba ugonjwa upo, tusishikane mikono. Wakatikisa vichwa. Wakasema ndiyo mama, tumesikia, ugonjwa huu ni mbaya, Mungu atunusuru. Kisha wakatembea hatua kumi, wakapiga magoti mbele ya Maidei, wakamshika mkono mmoja baada ya mwingine. Na Maidei naye, yuleyule aliyenipa amri, alikuwa anautoa tu. Mkono una akili yake msibani.

Nilipiga kelele, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Nikarudi langoni nimekasirika, nikajiambia anayefuata hapiti. Aliyefuata alikuwa mkuu wa kijiji. Nikaanza kumweleza. Nilieleza vizuri sana, nikafika mpaka kwenye habari za wale watatu waliozikwa ng'ambo, ndipo nikaona Sista Chenai ananitazama kiunoni. Nikatazama chini. Nilikuwa nimeushika mkono wa mkuu wa kijiji kwa mikono yangu miwili, nautikisa, huku nikimwambia mikono imepigwa marufuku.

Aibu niliyoiona siku ile sitaki hata kuisimulia, na bado naisimulia. Chenai alitunawisha sote kwa sabuni, mkuu wa kijiji, mimi na wale wanawake wanne, na Maidei akanawishwa palepale mkekani. Kisha akanivuta pembeni. Alisema hizo pole tano za mkono amezihesabu kuwa ajali. Ya sita hakuna. Alikuwa ameshika simu mkononi na hakuwa anatania, yule si mtani wa mtu.

Nilikwenda kukaa jikoni nimenywea. Huko nje watu walikuwa wanazidi kuja barabarani, niliona vumbi lao. Nikawaza, hawa wote nitawaambia nini? Maneno nimesema, wameyakubali, na yamepita sikio hili yakatokea lile. Mtu akiwa na huzuni humpati kwa maelezo. Na hapo ndipo nilipoiona ovaroli ya mzee. Binti zake walikuwa wameshazikusanya nguo zake kwenye kiti, na ovaroli ya kazi ilikuwa juu kabisa, ya kaki, na kofia yake, na viatu vyake vya mpira. Kwa desturi nilipaswa kuzivaa kesho mbele ya jeneza. Lakini nani aliandika saa?

Mimi nina mwili wangu, Mungu hakuninyima. Ile ovaroli ilifunga vifungo viwili tu, katikati nikafunga kamba. Nikachukua na fimbo. Nilipotoka nje, wakwe walioanza kupasua kuni walisimama, na mmoja akakaa chini akijishika mbavu.

Niliwaamrisha wang'oe miti ya zizini, wapange safu mbili kutoka langoni, nyembamba, mtu mmoja apite. Mwanzoni mwa njia tukaweka karai pana la maji yenye dawa ya klorini kwa ajili ya miguu, na mbele yake ndoo mbili za bomba za Chenai juu ya benchi, na sabuni imefungwa kwenye kamba isiibwe. Mwisho wa njia, hatua tano kutoka mkeka wa Maidei, nikafunga kamba ya ng'ombe kutoka mti hadi mti. Hapo ndipo mwisho wako. Unapiga magoti, unapiga makofi ya heshima, wanaume viganja vimenyooka, wanawake vimekunjwa, unasema pole yako, unaondoka.

Kisha nikakohoa kile kikohozi cha Gwatidzo, cha mtu aliyevuta dawa ya kupe miaka arobaini, nikavuta mguu wa kushoto kama yeye, nikapaza sauti yake ileile iliyokuwa ikisikika mpaka shuleni.

"Mmoja mmoja! Hapa hakuna ng'ombe wa mkubwa! Ambaye hajaoga harudi malishoni!"

 Mtu mmoja kwenye foleni akaangua kicheko, na foleni nzima ikafuata.

Kuanzia hapo nilikuwa kwenye kazi yangu. Mkuu wa kijiji nilimrudisha mara mbili, nikisema dume hili lina kupe masikioni, na alirudi anacheka huku anajifuta machozi. Mchungaji hakutaka kuvua viatu vyake vya ngozi. Nikamwambia tangu nianze kazi ya serikali sijaona ng'ombe aliyevaa viatu, labda anifundishe. Alivivua. Wale wapenzi wa pombe wa dukani niliwakagua meno. Mwalimu mmoja alijaribu kuchovya vidole vitatu akaendelea, nikamnasa ukosi wa shati kwa fimbo, nikamuuliza kama kwato nyingine zile aliziacha nyumbani. Nani angenuna? Aliyekuwa anawaogesha si mimi, alikuwa Gwatidzo, na Gwatidzo wote walimtii tangu wakiwa watoto wa kuchunga. Mkono uliokuwa unataka kwenda wenyewe ulikuta kamba, ukakumbuka, ukapiga makofi.

Maidei alinitazama kutoka mkekani. Nilipovuta mguu kwa mara ya kumi hivi, alicheka. Alicheka kwa sauti, kiganja mdomoni, na katikati ya kicheko machozi yakaja, ya kwanza tangu alfajiri. Nikaacha foleni isubiri kidogo.

Bakuli nalo lilileta shida yake. Saa ya chakula, mkwe mmoja alilitoa kwa mazoea, limejaa maji, akawa anapiga magoti mbele ya wazee. Nililimwaga, nikalivaa kichwani juu ya kofia ya marehemu, nikashinda nalo. Wazee walinung'unika kwamba sadza, ule ugali wetu, inanuka klorini. Nikawaambia aliyeshiba asogee, nyama ya ng'ombe huyu wapo wanaoitaka. Kila mtu alikula sahani yake, ya moto, na hakuna sahani iliyorudi na kitu. Jioni Chenai alihesabu waliopita, mia mbili na kitu, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaweka simu mfukoni.

Nililala nimechoka na nimeridhika. Nilidhani kazi imekwisha.

Ijumaa asubuhi, jeneza likiwa limeshatolewa nje na kaburi liko tayari, alifika Kerina. Kerina ni dada yake marehemu, mkubwa kwake kwa miaka mitano, na anaishi ng'ambo ya mto kwa binti yake. Kwa wasiotujua, dada wa marehemu ndiye mwenye mji siku ya msiba. Mjane anamwogopa, watoto wanamwogopa, hata mchungaji anamtazama kwanza ndipo aombe. Alishuka kwenye mkokoteni wa punda, kitambaa cheusi kichwani, akaja moja kwa moja.

Nilikohoa kikohozi changu. Nikaanza, mmoja mmoja. Alinitazama kuanzia viatu vya mpira mpaka kofia, nami nikaishusha fimbo.

"Huyo unayemwigiza mimi ndiye niliyembeba mgongoni," alisema. "Nipishe."

Hakupaza sauti. Alipita nje ya miti, hakukanyaga karai, hakugusa ndoo. Utani una mipaka yake, na mpaka wangu ulikuwa pale. Watu mia mbili walimtazama akienda. Sista Chenai alikuwa amesimama karibu na jeneza, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. Kerina aliinama, akapita chini ya kamba, uzee wake wote huo, akafika mkekani akanyoosha mikono miwili kwa Maidei.

Nilijua akiishika basi. Nusu ya waliokuwepo wangeruka kamba kwenda kuchukua haki yao, maana kama yeye amepewa, wao wamekosa nini? Na Gwatidzo angebaki pale na watu kumi na muuguzi.

Maidei alisimama. Alirudi nyuma hatua moja, akaificha mikono yake ndani ya khanga.

"Wifi, sikupi mkono," alisema.

Miaka hamsini na minne ya ndoa hajawahi kumjibu wifi yake neno. Kuna mwanamke nyuma yangu aliyevuta pumzi ikasikika.

"Unanifukuza kwa kaka yangu?"

"Nakuomba ukae umzike. Kaka yako pale joshoni hakumruka ng'ombe wa mtu, hata wa kwako wifi, uligombana naye mwaka mzima kwa sababu hiyo. Mimi mkono wako nautamani kuliko wa yeyote hapa. Lakini nikikupa, hawa wote watakuja. Nizike mmoja leo. Nisikuzike na wewe."

Aliposema hivyo alipiga magoti, mjane mwenyewe, mbele ya kila mtu, akapiga makofi ya heshima, taratibu, mara nne. Kerina alisimama na mikono yake hewani. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha aliishusha, akageuka, akarudi chini ya kamba, akatoka mpaka langoni, akapita kwenye karai, akanawa mpaka viwiko. Mimi nilimfungulia bomba. Alikwenda kukaa peke yake kando ya ghala, hakulia. Wakati wa kutupa udongo alisubiri wote wamalize ndipo akaja kutupa wake.

Tulimzika Bwana Josho saa saba mchana na watu wote wale wakiwa wamemzunguka. Nilimwigiza mara ya mwisho, nikamkagua mpaka mchungaji aliyekuwa ameshika Biblia. Ulikuwa msiba mzuri. Nimezika wengi, najua msiba mzuri ukiuona.

Watu walikuwa wanaanza kutawanyika nilipomwona Kerina anatoka chooni, na kabla hajafika ghalani akageuka akarudi tena. Chenai alikuwa amemwona kabla yangu. Mara ya tatu Kerina hakuweza kurudi kwa miguu yake. Chenai alivaa glovu, akampa maji ya chumvi na sukari, akapiga simu, safari hii akaitumia kweli, na gari la zahanati likaja kumchukua kumpeleka kwenye mahema ya wagonjwa. Choo kilimwagiwa dawa, mkeka aliokalia ghalani ukachomwa. Kila mtu alitazama viganja vyake.

Siku tano zilizofuata sizitamani. Chenai alituzungukia nyumba kwa nyumba akituuliza habari za matumbo yetu, na mimi, ambaye sijawahi kuona haya, nilijifunza kuona haya. Mwalimu yule wa vidole vitatu aliharisha siku ya pili, kijiji kizima kikalala macho wazi, kumbe alikuwa amekula nyama ya kuwatosha watu wanne. Siku ya tano ikapita. Ya kumi ikapita. Katika watu mia mbili waliomzika Gwatidzo, ukimtoa Kerina aliyekuja nao kutoka ng'ambo, hakuugua hata mmoja. Na Kerina alipona. Alilazwa siku sita, akatoka amebaki mifupa, akapumzika kwa binti yake mpaka Chenai akamwambia hana tena ugonjwa wa kumpa mtu.

Wiki ya nne alikuja. Tulikuwa kwa Maidei tunapukuchua mahindi, wanawake kama kumi na mbili, na vicheko vyetu vilikuwa vimerudi. Tukamwona amesimama nje ya lango, na fimbo, nguo zikimpwaya. Vicheko vikakatika. Nisiseme uongo, hata mimi nilivuta kiti changu nyuma, na wengine walivuta zaidi. Sisi sote tuliambiwa kwamba amepona, na sote tulikuwa tumeyakubali maneno hayo.

Kerina aliona. Hakuingia. Aliificha mikono yake kwapani, akapiga magoti palepale barabarani, kwa shida, akasema atatoa salamu kwa mbali, amekuja kuona kaburi tu kisha anaondoka.

Maidei aliweka ungo wake chini. Alikwenda hakukimbia, hakusita, akafika akapiga magoti mbele yake mavumbini. Kerina akatikisa kichwa, akazidi kubana kwapa. Maidei aliitoa ile mikono mwenyewe, mmoja, kisha wa pili, akaishika yote kwa pamoja.

"Pole, wifi," alimwambia. "Pole kwa kufiwa na kaka yako."

Hapo ndipo Kerina alipomlilia ndugu yake. Mtu aliyezika kwa macho makavu, ambaye hatukumpa hata nafasi ya kulia, alilia mpaka mbwa wakanyamaza, na Maidei hakuiachia ile mikono.  Nilionea haya kule kuvuta kiti changu. Nikainuka, nikaenda, nikapiga magoti nyuma ya Maidei kusubiri zamu yangu, na nilipogeuka niliwaona wale wengine wote wamepanga foleni.